Picha ya eksirei ya tumbo la mbwa na paka: daktari anasoma nini?

Mbwa wa bomani anatapika, na leo ni siku ya tatu. Hali chakula, akinywa maji anayarudisha, na ukimgusa tumbo anakaza misuli. Afisa mifugo wa kata amekuja, amempima joto, amempapasa tumbo taratibu, kisha akasema, "Huyu inafaa apigwe picha." Mjini ni mbali na nauli ni pesa. Jirani anasema mbwa ni mbwa tu, akipona amepona. Lakini mbwa huyu ndiye anayelala na mbuzi, na usiku akibweka kila mtu anajua kuna fisi karibu.

Je, uende au usiende? Na ukienda, ukaonyeshwa ile picha nyeusi yenye madoa meupe, daktari anaona nini ambacho wewe hukioni?

Katika makala haya tunaeleza jinsi picha ya eksirei ya tumbo la mbwa na paka inavyosomwa. Hatukusudii umpokonye daktari kazi yake. Tunataka ujue picha hiyo inaweza kusema nini, haiwezi kusema nini, na wewe mwenye mnyama unaweza kufanya nini ili isomwe vizuri.

Eksirei ni kivuli

Mwishoni mwa mwaka 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi inayopita ndani ya vitu ambavyo mwanga wa kawaida haupiti. Kwa kuwa hakujua ni mionzi ya namna gani, aliiita X, herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Moja ya picha zake za kwanza ilikuwa ya mkono wa mke wake, ikionyesha mifupa ya vidole na pete.

Hadi leo mambo ni yaleyale. Mionzi inapita kwenye mwili wa mnyama na kufika upande wa pili. Inapopita kwa urahisi, picha inakuwa nyeusi. Inapozuiwa, picha inakuwa nyeupe. Kwa hiyo unachokiona ni kivuli, na daktari ni msomaji wa vivuli.

Vivuli hivyo viko vya aina tano tu, kuanzia cheusi hadi cheupe:

1. Hewa au gesi: nyeusi kabisa.
2. Mafuta: kijivu kilichokolea.
3. Maji na nyama: kijivu cha kati. Ini, figo, misuli, damu, mkojo na usaha vyote vina rangi hii moja.
4. Mfupa, na mawe mengi ya kwenye kibofu: nyeupe.
5. Chuma: nyeupe inayong'aa kuliko mfupa.

Angalia namba tatu kwa makini, maana hapo ndipo penye ugumu. Picha haiwezi kutofautisha mkojo na damu, wala usaha na maji. Na vitu viwili vya rangi moja vikigusana, mpaka kati yao unapotea. Ini na figo huonekana kila kimoja peke yake kwa sababu kati yao kuna mafuta. Mafuta ndiyo yanayochora mistari ya mipaka ndani ya tumbo.

Kwa nini mbwa mmoja apigwe picha mbili au tatu?

Wenye wanyama wengi hushangaa wakiambiwa walipie zaidi ya picha moja. Si ujanja wa kuongeza bei. Picha ni bapa, lakini mwili una unene. Sindano inayoonekana "ndani ya utumbo" katika picha ya ubavuni inaweza kuwa imelala kwenye manyoya ya mgongo au chini ya ngozi. Picha ya pili, mnyama akiwa amelala chali, ndiyo inayosema iko wapi hasa.

Kuna sababu nyingine. Ndani ya mfuko wa chakula, yaani ile sehemu chakula kinapofikia kwanza, kuna hewa na maji. Hewa hupanda juu na maji hushuka chini, kama kwenye chupa iliyojaa nusu. Mbwa akilala ubavu wa kulia, maji hukusanyika kwenye mlango wa kutokea chakula, ambao uko upande wa kulia. Hapo huonekana duara la kijivu kama mpira, na asiyezoea anaweza kudhani mbwa amemeza mpira au ana uvimbe. Akigeuzwa ubavu wa kushoto, hewa hupanda kwenye mlango uleule, na lile duara hutoweka. Lakini kama mlangoni pamekwama kitu, hewa hiyo nyeusi hukizunguka na kukionyesha umbo lake.

Ndiyo maana daktari makini hupenda kuona ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na chali.

Anaanza kwa kuita majina

Daktari mzoefu hakimbilii doa la kwanza linalovutia macho. Anafanya kama mwalimu anayeita mahudhurio darasani: kila kiungo kinaitwa, kinaangaliwa kama kipo, kipo mahali pake, kina ukubwa gani, umbo gani na rangi gani.

Anaanza na ini, lililo nyuma tu ya kiwambo, ule ukuta wa nyama unaotenganisha kifua na tumbo. Kisha mfuko wa chakula, ulio nyuma ya ini. Ini likivimba, huusukuma mfuko huo kurudi nyuma. Kanuni hii inatumika tumboni kote: ukiona kiungo kimehama, uliza nani amekisukuma.

Kisha bandama. Kwa mbwa, ukubwa wake hubadilika sana hata akiwa mzima, na baadhi ya dawa za usingizi huifanya ijae damu na kuonekana kubwa. Katika maeneo yenye kupe wengi, daktari akiona bandama kubwa kwa mbwa mwenye homa na fizi zilizopauka, atataka kupima damu, kwa sababu babesia, ugonjwa unaoenezwa na kupe, huivimbisha bandama.

Figo hupimwa kwa kulinganishwa na mifupa ya mnyama mwenyewe, kwa kuwa mbwa wako wadogo na wakubwa. Mbwa akiwa chali, figo lake la kawaida huwa na urefu wa takriban mara 2.5 hadi 3.5 ya urefu wa pingili ya pili ya kiuno. Hiyo ni rula ambayo kila mbwa anatembea nayo.

Halafu utumbo mwembamba, utumbo mpana, na mwisho kibofu cha mkojo. Kwa mbwa dume huangaliwa pia tezi dume, na kwa jike mji wa mimba.

Vipo viungo ambavyo kwa kawaida havionekani kabisa. Kongosho halionekani, na mji wa mimba usio na mimba hauonekani. Kwa hivyo kutoonekana kwake ni habari njema.

Na vipo vitu vya kawaida vinavyotisha bure. Chuchu za jike huweza kuonekana kama vidonge vya kijivu tumboni. Mbwa dume ana mfupa ndani ya uume wake, nao huonekana kwenye picha. Si mfupa aliomeza. Vipande vya mifupa ndani ya mfuko wa chakula pia si lazima viwe tatizo, kwa sababu asidi ya humo huyeyusha mifupa mingi. Jambo kubwa ni kipande kiko wapi, na je, njia inapitika?

Gunzi la mahindi na utumbo ulioziba

Turudi kwa mbwa wetu anayetapika. Wakati wa mavuno, mbwa vijijini huokota magunzi ya mahindi yenye harufu ya mafuta au nyama. Gunzi haliyeyuki tumboni. Linapita kwenye mfuko wa chakula, kisha linakwama kwenye utumbo mwembamba. Mbegu ya embe hufanya hivyohivyo, na pia mawe, matambara na soksi.

Shida ni kwamba gunzi, mbegu ya embe na kitambaa si mfupa wala chuma. Havitoki vyeupe. Gunzi wakati mwingine huonekana kwa vitobo vidogo vya hewa vilivyojipanga kwa mistari, mahali punje zilipokuwa. Kitambaa kinaweza kuonekana kama kijivu chenye michirizi ya hewa. Lakini mara nyingi daktari hakioni kitu chenyewe. Anaona alama kilichoacha.

Alama hiyo ni utumbo uliotanuka. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa katikati: upande wa bombani unavimba, upande wa mbele unanywea. Utumbo nao huvimba kwa gesi na maji kabla ya kizuizi, na baada yake unakuwa mwembamba. Daktari akiona katika picha moja utumbo wa aina mbili, baadhi mpana sana na mwingine wa kawaida, anashuku kuziba.

Hapa pia kuna kipimo. Kwa mbwa, upana wa utumbo mwembamba hulinganishwa na kimo cha pingili ya tano ya kiuno. Ukiwa chini ya mara 1.6, uwezekano wa kuziba ni mdogo. Ukizidi mara 2, uwezekano ni mkubwa. Kwa paka, utumbo mwembamba unaozidi milimita 12 hutia shaka. Hizi ni dalili, si hukumu. Wapo wanyama wanaoangukia katikati, na hao hupigwa picha tena baada ya saa kadhaa kuona kama gesi imesogea au imebaki palepale.

Kwa nini isiwe tumbo la kuharisha tu? Kwa sababu mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa wa parvo naye hutapika na kulegea, na utumbo wake huweza kujaa gesi na maji. Lakini kwake mara nyingi utumbo wote hutanuka kidogo kwa usawa, bila kuwa na sehemu mbili zinazotofautiana sana. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye mbwa: huyu wa parvo anahitaji maji ya dripu na kutengwa na wenzake, na yule wa gunzi anahitaji kupasuliwa.

Paka, uzi na sindano

Paka hupenda kuchezea uzi. Akiumeza, ncha moja inaweza kujifunga chini ya ulimi na nyingine ikaendelea kushuka. Utumbo unajitahidi kuusukuma, hauwezi, basi unapanda juu ya uzi na kujikunja, kama kitambaa cha mfuko wa suruali kinavyojikunja ukivuta kamba yake. Katika picha, utumbo huonekana umejikusanya pamoja, na gesi ndani yake imekatika vipande vidogo vyenye umbo la mkato au la tone la maji. Uzi wenyewe hauonekani. Sindano, kama ipo, inang'aa wazi, na ndoano ya kuvulia samaki vilevile.

Ukiona uzi umening'inia mdomoni mwa paka au kwenye tundu la haja kubwa, usiuvute. Uzi uliokazwa hukata utumbo kama waya unavyokata sabuni. Mpeleke kwa daktari na uzi wake.

Tahadhari moja ya lazima: mnyama anayetokwa na mate, asiyeweza kumeza, aliyebadilika tabia au anayeuma ovyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usitie mkono mdomoni mwake kutafuta kilichokwama. Mfungie na umwite daktari wa mifugo. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo kupata chanjo.

Tumbo linapojisokota

Hali hii ndiyo isiyosubiri kesho. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kwenda chini, kama German Shepherd. Kulishwa mlo mmoja mkubwa kwa siku ni jambo mojawapo linalohusishwa nayo. Mfuko wa chakula unajaa gesi kisha unajisokota. Milango yote miwili inafungwa, na damu inashindwa kupita.

Dalili zake ni hizi: tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, mbwa anajaribu kutapika lakini hatoi kitu ila mate na povu, hatulii, kisha analegea.

Picha ya ubavu wa kulia ndiyo inayotafutwa hapa. Kwa kawaida mlango wa kutokea chakula huwa chini, upande wa kulia. Ukijisokota, mlango huo hupanda juu, kuelekea uti wa mgongo. Picha inaonyesha maputo mawili meusi ya gesi, moja kubwa na moja dogo juu yake, na kati yao mstari wa nyama wa kijivu. Daktari akiuona mstari huo hana haja ya kusubiri zaidi: gesi itolewe, dripu iwekwe, mbwa apasuliwe. Bila hivyo anaweza kufa ndani ya saa chache. Mbwa akiwa hoi sana, daktari huanza kutoa gesi kabla hata ya kupiga picha.

Mkojo, mimba na usaha

Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hatoi mkojo, ni mgonjwa wa dharura. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba na huziba kwa urahisi. Picha huonyesha kibofu kikubwa kilichojaa, na pengine mawe. Lakini si mawe yote yanaonekana. Yapo yaliyotengenezwa kwa kemikali ambazo mionzi inazipita kirahisi, hivyo picha safi haimaanishi hakuna jiwe.

Kwa mbwa jike mwenye mimba, picha hutumika kuhesabu watoto. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na mifupa ya watoto huanza kuonekana kuanzia kama siku ya 45. Picha nzuri ya kuhesabia hupigwa katika siku kumi za mwisho. Daktari anahesabu vichwa, kisha anahesabu migongo, hadi hesabu zikubaliane. Faida yake ni kwamba mama akizaa watano na picha ilionyesha sita, unajua bado mmoja yuko ndani.

Kabla ya mifupa kuonekana, mimba kwenye eksirei ni mirija minene ya kijivu nyuma ya tumbo. Na hapo pana mtego: mji wa mimba uliojaa usaha una rangi ileile na huweza kufanana nayo sana. Ugonjwa huo huwapata majike wiki chache baada ya joto. Jike hunywa maji mengi, hali vizuri, na pengine anatokwa uchafu. Kwa mashaka ya namna hii, altrasaundi husaidia kuliko eksirei.

Picha yenye ukungu

Wakati mwingine daktari anaangalia picha na haoni viungo vizuri. Tumbo lote ni kijivu kimoja, kama bonde lenye ukungu wa asubuhi. Tulisema mafuta ndiyo yanayochora mipaka. Kwa hiyo ukungu huo una maana mbili: ama tumboni kuna maji yaliyofunika kila kitu, ama mafuta hayapo.

Maji hayo yanaweza kuwa damu ya mbwa aliyegongwa na bodaboda, mkojo wa kibofu kilichopasuka, au majimaji ya ugonjwa wa ini au moyo. Picha haisemi ni yapi. Daktari huvuta kidogo kwa sindano ayaone.

Lakini mbwa wengi wa vijijini ni wembamba. Mbwa anayehesabika mbavu hana mafuta ya kutosha tumboni, na picha yake itakuwa na ukungu hata akiwa hana maji hata tone. Watoto wa mbwa pia huwa hivyo. Msomaji aliyezoea mbwa wanene wa mjini anaweza kukosea hapa. Ndiyo sababu daktari lazima amwone mnyama mwenyewe, au aambiwe hali yake ya mwili.

Jambo jingine analotafuta ni gesi isiyo ndani ya utumbo. Mstari mweusi kati ya ini na kiwambo, kwa mnyama ambaye hakupasuliwa siku za karibuni na hana kidonda kilichotoboa tumbo, mara nyingi humaanisha utumbo umetoboka. Na kwa aliyegongwa na chombo, ataangalia kama kiwambo kimechanika na utumbo umeingia kifuani.

Maelezo yako ni nusu ya picha

Kivuli cha kijivu kwa mbwa aliyeonekana akila gunzi juzi si sawa na kivuli hichohicho kwa mbwa aliyetapika baada ya kubadilishiwa chakula. Kabla ya kuondoka nyumbani, andika kwenye simu yako: ameanza lini, ametapika mara ngapi, matapishi yana rangi gani, mara ya mwisho kupata haja kubwa na ndogo, amechanjwa nini, ni kitu gani kimepotea nyumbani, na kama ni jike, joto la mwisho lilikuwa lini. Watoto wanaocheza naye mara nyingi ndio wanaojua alichokila. Waulize bila kuwagombeza.

Kama picha imepigwa na daktari wako anataka kumshirikisha mwenzake aliye mbali, fanya hivi:

• Omba faili lenyewe la picha kutoka kwenye kompyuta, kama mashine ni ya kisasa. Kwenye WhatsApp litume kama hati, lisipunguzwe ubora.
• Kama ni filamu, iweke kwenye dirisha lenye mwanga wa mchana au mbele ya skrini nyeupe. Zima mwanga wa kamera.
• Piga filamu nzima, kuanzia kiwambo hadi nyonga. Usikate pembeni.
• Herufi ya R au L inayoonyesha kulia na kushoto ionekane, pamoja na tarehe.
• Tuma picha zote, si ile "nzuri" peke yake. Na tuma pia picha ya mnyama mwenyewe amesimama.

Kabla hujapanda gari

Piga simu kwanza. Uliza mambo matatu: mashine inafanya kazi leo? Bei ya picha mbili au tatu ni kiasi gani? Na picha ikionyesha kitu cha kupasua, yupo wa kupasua? Swali la tatu ndilo watu husahau. Picha inayosema "pasua" mahali pasipo na mpasuaji inakuongezea safari nyingine. Vyuo vinavyofundisha madaktari wa mifugo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere cha Kampala, ni mahali pa kuulizia kama kliniki iliyo karibu nawe haina huduma hiyo.

Uliza pia kama mnyama aje bila kula. Na njiani usimpe chumvi wala mafuta ya kula ili atapike. Chumvi nyingi ni sumu kwake, na mafuta huweza kuingia mapafuni. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli huua paka, na diklofenaki au ibuprofeni huumiza tumbo na figo za mbwa.

Kwenye chumba cha picha, mionzi si ya kuchezea. Ukiweza, kaa nje, mnyama ashikwe kwa mikanda na mito au apewe dawa ya kumtuliza. Ikibidi umshike, vaa aproni yenye madini ya risasi, na mikono yako isiingie mahali panapopigwa. Mama mjamzito na watoto wasiingie kabisa.

Yale yasiyoonekana

Picha ikitoka safi, usiseme umeibiwa. Kujua kwamba tumbo halijajisokota na utumbo hauonyeshi dalili za kuziba ni jambo kubwa: kunaweza kumwepusha mnyama na kisu. Lakini picha safi haimalizi ugonjwa. Haionyeshi sumu, haionyeshi minyoo ya kawaida, haionyeshi damu imeishiwa kiasi gani. Daktari akiomba kipimo cha damu au cha kinyesi baada ya eksirei, anaendelea na safari ileile.

Basi, uende au usiende? Kwa mbwa wa bomani aliyetapika siku tatu, akirudisha hata maji, na mwenye maumivu ya tumbo, jibu letu ni aende. Kwa mbwa mwenye tumbo kama ngoma anayejikamua bila kutapika, au paka dume asiyetoa mkojo, jibu ni aende sasa hivi, hata kama ni usiku. Kwa mbwa aliyetapika mara moja, anakunywa maji yakakaa, anacheza na anakula, mwangalie kwanza, na mpigie simu afisa mifugo wako.

Gunzi lililokwama siku ya pili hutolewa na utumbo ukashonwa. Likikaa wiki, linaweza kuutoboa, na hapo hata daktari hodari hukuta ameitwa kwa kuchelewa. Zoa magunzi baada ya kula, na mifuko ya sindano na nyuzi ifungwe. Kazi hiyo haina gharama, na hakuna picha inayoishinda.